Bonde Nililolisemea

Kwa miaka tisa ya mwanzo wa ndoa yangu, baba mkwe nilimjua kwa kikohozi na kwa miguu. Uso wake sikuwa nimeutazama. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, hamsemeshi, wala hataji jina lake. Tunasema anamtila, yaani anamwogopa kwa heshima. Nikimwona anakuja njiani niliingia migombani, nikachutama na kumpa mgongo mpaka apite. Naye alinikwepa vilevile. Wageni hudhani anayebanwa ni mwanamke tu, lakini mzee wa watu aliwahi kunyeshewa nje ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa ndani, nimekwenda kumsaidia mama mkwe kupika.

Sikulalamika. Nililelewa hivyo kwetu Ndandalo na niliona ni adabu. Shida ilianza soko lilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi wakawa wanakuja na mizani zao mpaka vijijini kutafuta kokoa. Kila mwanamume akapata wazimu wa kokoa. Mashemeji zangu wawili wakataka ipandwe kila mahali, hata kwenye bonde la chini ambalo mimi na mama mkwe tulikuwa tukilima mpunga. Ardhi ilikuwa ya mzee, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Bonde lile ndilo lililokuwa likinilishia watoto wanne. Mpunga ukiuvuna, unakula mwaka huohuo. Mche wa kokoa unausubiri miaka, na ukishazaa, mti ni wa mwanamume, na anayekwenda kwenye mizani ni yeye. Nilijua kabisa kwamba bonde likipandwa miti, sitalipata tena.

Basi nikamwandaa mume wangu. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakulewa, na nyumbani alikuwa na kauli nzito kama wenzake. Tatizo ni kwamba mbele ya baba yake alikuwa kifaranga kilicholowa. Asubuhi ya kikao, akiwa anakula ndizi, nilimpa maneno: kokoa ipandwe juu, bonde libaki la mpunga, maana watoto hawatasubiri miche ikue. Nikamwambia arudie. Akarudia, akanuna, akasema, "Mama watoto, kwani mimi natumwa dukani?"

Walikaa barazani kwa mzee. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, tunamenya ndizi na kusikia kila kitu. Shemeji mkubwa alisema sana. Shemeji mdogo akamuunga mkono. Kisha mzee akauliza kama kuna mwenye neno lingine. Nikaacha kumenya.

"Hakuna, tata," mume wangu akamjibu baba yake. "Kwangu tumekubaliana."

Nilikuwa na kisu mkononi, na namshukuru Mungu kwamba nilikiweka chini. Hasira ilinipanda hadi masikio yakaziba. Nilitoka jikoni, nikazunguka nyumba, nikasimama mbele ya baraza mchana kweupe.

"Hatukukubaliana," nikasema.

Hayo tu. Mengine yote niliyoyapanga yalinikimbia, kwa sababu mzee alikuwa ameshajifunika uso kwa kofia na anainuka. Mtu aliyeogopwa na ukoo mzima alipapasa ukuta, akakanyaga bakuli la maji ya kunawa, akapotelea nyuma ya zizi. Kikao kikavunjika hapohapo, maana mwenye kuamua hayupo. Mashemeji walinitazama kama mtu aliyetapika msibani. Mume wangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimemvua nguo, na siku tatu hatukusemeshana.

Nilitozwa jogoo. Nikamtoa, nikaona ni haki, kwani kosa nililijua. Aibu niliyoisikia ilikuwa kwa mzee. Kwa mume wangu sikuisikia hata kidogo.

Siku ya nne mama mkwe alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda. Kisha akasema, "Mzee ananituma. Anauliza, siku ile ulitaka kusema nini?"

Nililia. Mume niliyelala naye kitanda kimoja miaka tisa hakuwahi kuniuliza swali la namna hiyo, na aliyeniuliza ni mtu asiyeruhusiwa hata kunitazama. Mama mkwe akaniambia ninyamaze, mzee anasubiri jibu. Nikajifuta machozi kwa upande wa kanga, nikamweleza yote: juu na chini, watoto na miche, na nani hushika mizani. Aliitikia "ee, ee," kama anayehesabu mishono, akaenda zake.

Kesho yake alirudi na jibu. Kokoa ipandwe juu tu. Bonde lisiguswe mzee akiwa hai, na baada yake lilimwe na mimi. Nilipiga magoti nikashukuru, ndaga, ndaga fijo, asante sana, na nikambebesha mkungu wa ndizi ampelekee mzee. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilianza kumpangia mama mkwe kazi: tutasafisha mfereji lini, mbegu tutatoa wapi, yeye ataanzia upande gani.

Alikuwa ameshaweka mkungu kichwani. Ndipo nikamuuliza, nadhani kwa adabu tu, "Na wewe mama, uliona vipi jambo hili?"

Akaushusha ule mkungu, akaketi tena, akaukanda mgongo kwa mkono mmoja.

"Mimi nilitaka kokoa," akasema. "Nimeinama kwenye matope ya bonde lile tangu sijaota meno ya mwisho. Kokoa mtu huichuma akiwa amesimama, tena kivulini."