Neno la Wajukuu

Turubai likipigwa jua baada ya mvua hutoa harufu ya plastiki na uvundo wa maji yaliyotuama. Nikiisikia tu, hata kama niko harusini hapa Pasiansi, mdomo hunikauka. Nakuwa na miaka tisa tena, niko Kisesa kwenye msiba wa bibi mzaa baba, na mashavuni nimejipaka mate ili watu wadhani nimelia.

Usinicheke. Binamu zangu wote walikuwa wanalia kweli, makamasi yanawatoka, na mimi nilijikagua ndani nisione kitu. Mfiwa asiyelia hutazamwa vibaya, tena mtoto wa mama yangu. Mama alitoka Bukoba, na kwa miaka yote ile bibi hakumzoea. Kila likizo tulipofika, bibi aliwapokea binamu zangu kwa majina, akawajazia viganjani michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kisha akinifikia mimi anauliza, "Na huyu ni wa nani?" Nilikuwa namtajia jina la baba kwa adabu, nikijiambia kwamba macho yake ni mabovu. Macho hayohayo yalikuwa yanaona kuku wa jirani akiingia shambani kutoka mbali.

Kwa kuwa nilisoma vizuri shuleni kwetu Kirumba, baba mdogo aliniteua kusoma neno la wajukuu kabla ya kuaga mwili. Aliliandika yeye mwenyewe. Mama alifurahi kuliko inavyoruhusiwa msibani. Alinisuka upya, akaniambia nisome polepole, maana siku hiyo ukoo mzima ungeona kwamba na yeye kazaa mtu.

Nilianza vizuri. Bibi alikuwa nguzo, bibi alikuwa taa, bibi ameacha pengo lisilozibika. Maneno hayo hata wewe umeshayasikia. Kisha nikafika palipoandikwa kwamba alitupenda wajukuu wote bila kubagua. Nikasoma, sentensi ikanikwama. Nikarudia, ikakwama palepale. Sijui mpaka leo nilipata wapi ujasiri. Niligeukia jeneza, kipaza sauti bado kiko mdomoni, nikasema, "Bibi, mimi hukunipenda. Ulikuwa unauliza mimi ni wa nani, na ulikuwa unajua."

Hata waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba walikuja kuchungulia. Baba mdogo alinyoosha mkono anipokonye kipaza sauti, lakini mdogo wake bibi, tuliyemwita Bibi Nyanzala, akamzuia. Akaniambia taratibu, "Endelea, mjukuu wangu. Mwambie na lililobaki."

Nililitafuta lililobaki, sikulipata. Badala yake nikaanza kulia, kilio cha kweli sasa, mpaka nikabebwa. Sikuelewa. Kama hakunipenda, na nimeshasema, nalia nini?

Mama alinivuta pembeni. Hakunipiga, aliniambia tu, "Umenivua nguo ukweni." Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo. Lakini kesho yake mke wa baba mkubwa, ambaye alikuwa akimsalimia mama kwa pembe ya mdomo, alimsogezea kigoda wakamenya viazi pamoja, wakiongea chinichini. Nilizungukazunguka pale nikijaribu kujua kama nimeharibu au nimetengeneza. Hakuna aliyeniambia, nami niliogopa kuuliza.

Siku hizi majirani huniomba niwaandikie neno la familia. Wanataka nguzo na taa. Mimi huwauliza kwanza wangemwambia nini marehemu kama wangekuwa naye peke yao chumbani. Wengine hukasirika wakaenda kwa mwandishi mwingine. Wengine huzungusha kikombe mpaka chai inapoa, na kinachowatoka baada ya hapo hakijawahi kufanana na cha mtu mwingine yeyote.

Mimi mwenyewe nilichelewa. Nilikuwa nimeshazaa watoto wawili ndipo nikakubali kwamba siku ile nilisema nusu, tena nusu iliyo rahisi, ya kumlaumu. Bibi Nyanzala aliiona nusu ya pili usoni mwangu, akanipa nafasi, nami nikashindwa kuitumia. Lililobaki lilikuwa kwamba nilimpenda bibi yangu, nilitamani sana anipende, na wa kuambiwa hilo alikuwa yeye peke yake.