Herufi Nene za Magwagwa

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, mwanangu, nilipokuwa msichana mwenye brashi mkononi na majivuno kidogo kichwani. Nilikuwa nikijifunza kuandika mabango kwa Mzee Ombati pale Keroka, na kina mama wa Magwagwa, nyumbani kwetu, walikuwa wamenipa kazi ya kwanza ya kuifanya peke yangu. Walikuwa wamejenga chumba cha kujifungulia, matofali wakiyabeba wenyewe baada ya kuchuma chai. Kilichobaki ni bango la barabarani, na ufunguzi ulikuwa Jumapili.

Niliandika CHUMBA CHA UZAZI kwa herufi nyembamba zilizojisokota kama mtambao wa malenge. Ah, zilipendeza! Wapita njia walisimama wakasifu, nami nikavimba.

Ndipo akaja Magokoro. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Gusii. Magokoro Moraa ndiye aliyewasukuma wenzake mpaka chumba kikasimama, maana binti yake mkubwa alifia njiani akipelekwa mbali kujifungua. Mwaka huo alikuwa ameingia darasa la ngumbaru, na mtu akishaonja asali, mwanangu, haachi kuchonga mzinga: alisoma magunia ya mbolea, alisoma karatasi za sabuni. Alisimama mbele ya bango langu, midomo ikichezacheza, kwa muda mrefu.

"Kemunto," akaniuliza, "haya ni maua au ni maneno?"

"Ni maneno, Magokoro. Nimeyapamba tu."

"Umeyapamba hadi yamejificha. Mimi nimetulia hapa na siyapati. Mama aliyeshikwa na uchungu atayapata?"

Nikaitazama kazi yangu upya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ijumaa asubuhi nililibeba bango hadi Keroka. Mzee Ombati hakunigombeza. Aliligeuza tu upande wa pili, uliokuwa umepakwa rangi nyeupe, akalisimamisha ukutani.

"Herufi ni kama mtu aliyesimama sokoni," akasema. "Mpe mwili aonekane. Mpe miguu asiyumbe."

Akanionyesha. Mistari ya wima ikawa minene kama nguzo za nyumba, ile ya kulala ikabaki myembamba. Kwenye kila ncha tukachora kijiguu kidogo kilichotandazwa, ili jicho lijue herufi inapoanzia na inapokomea. Nilipoipaka A rangi nyingi mno, alinishika mkono. "Acha mwanya ndani yake. Herufi ikinenepa hadi ikajiziba, inakuwa gogo." Kila mara alinituma ng'ambo ya barabara nikaitazame kazi kutoka huko, katikati ya honi za malori na kelele za wauza ndizi. Nilirudi nikicheka, kwa sababu hata huko maneno yalinifuata!

Mchana mawingu yakakusanyika kama kawaida ya huku, tukalikimbiza bango ndani ya duka la fundi cherehani. Mzee alikuwa Msabato, na jua la Ijumaa likizama Sabato ilianza, hangegusa brashi tena. Nilimalizia herufi ya mwisho naye akiwa amesimama mlangoni, akitazama juu angani kisha bangoni, angani kisha bangoni. Halafu akatabasamu. "Sasa tukapumzike."

Jumapili bango likapandishwa. Wageni walikuwa wakijiandaa kuhutubu, lakini Magokoro hakungoja kuitwa. Alijongea mbele, akanyoosha fimbo yake.

"Chu-mba," akasema polepole. "Cha. U-za-zi." Akavuta pumzi, akayarudia yote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti iliyofika bondeni: "CHUMBA CHA UZAZI! Nimesoma! Barabarani, si darasani!"

Vigelegele vililipuka. Alicheza akiwa na viatu vyake vya kanisani, akanivuta nami nikacheza, machozi na kicheko vikigombania uso wangu. Na kabla wiki haijaisha, kijana mmoja mgeni alifika kutoka ng'ambo ya bonde akiwa amemshika mkono mkewe. Hakuuliza mtu njia. Mtoto wao, msichana, alilia siku hiyo hiyo, na wa kwanza kumpakata baada ya mama yake alikuwa Magokoro Moraa.

Basi, mwanangu, siku hizi unabonyeza simu na fonti za herufi za kila namna zinakupangia foleni. Furahi nazo, sikukatazi. Lakini kabla hujachagua, jiulize ni nani atakayesoma, na yuko umbali gani. Jina la kanisa ukutani, kichwa cha habari, tangazo la harambee: hapo zipe nafasi herufi nene zenye vijiguu. Usiandike barua nzima kwa unene huo, maana anayepaza sauti kwa kila neno huishia kutosikika. Na uyapeleke hayo katika maneno ya kinywa chako pia. Sema lenye uzito pale panapohitaji uzito, kwingine acha nafasi watu wapumue. Na mtu akikuambia hajakuelewa, usimwone mjinga; rudi ukaligeuze bango.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe kazi inayokufurahisha na macho ya kuwaona watu unaowafanyia, na yeyote atakayesoma ulichoandika aipate njia aliyokuwa akiitafuta.