Mkandaji wa Bongwe Asiyemliza Mtu

Saa tatu asubuhi, Bongwe. Veronicah, anayetandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, amelala kifudifudi kitandani, juu ya leso. Muhsina Suleiman, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, anamgusa kiunoni kwa kidole kimoja.

"Hapa?"

"Uwi! Hapo hapo!"

Hakandi. Anauinua mguu wa Veronicah, anauegemeza pajani mwake na kuusogeza taratibu hadi maumivu chini ya kidole yanafifia. Kisha anaushikilia hapo hapo.

"Dadangu, mguu umeubeba mwenyewe. Niachie."

"Si mzito? Naona haya."

"Nibwagie!"

Muhsina anacheka. "Adabu ndiyo inayonitaabisha. Watu huona aibu kumwelemea mtu, na msuli unaojizuia haulegei."

Baada ya kama dakika moja na nusu, anaushusha mguu polepole, msuli usishtuke. Veronicah anainama kuvaa viatu. "Maumivu bado nayasikia, lakini angalau nimeinama."

Kukanda, Muhsina alifunzwa na shangazi yake Mwanamkuu, mkandaji maarufu wa kijiji. Baadaye alisomea diploma ya tiba ya viungo, na namna hii akaipata Msambweni kwa daktari mgeni: msuli uliokaza haupigwi vita, hupelekwa pale unapostarehe. Tangu aanze kuitumia, wateja wamepungua kutoka kumi kwa siku hadi watatu.

"Huniambia, 'Hukunitoa hata chozi, nikulipe nini?'"

Chumba chenyewe ni cha shangazi, ambaye sasa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeshamwomba radhi Bushra?"

Bushra ni mteja wa Mwanamkuu wa miaka mingi. Juma lililopita alikuja na maumivu ya kiuno, mguu umekufa ganzi, akataka akandwe kwa kiwiko. Muhsina alikataa, akamwambia aende hospitali. Bushra aliondoka amenuna.

"Umemfukuza mtu wangu mlangoni kwangu," anasema Mwanamkuu. "Mwombe radhi, au nipe ufunguo."

"Mguu uliokufa ganzi haukandwi, shangazi. Huonwa na daktari."

"Nilikuwa nakanda kabla hujazaliwa!"

"Najua. Na mikono hiyo ndiyo iliyonifunza."

Muhsina anaikunja leso. Ameshaamua: kitanda kitahamia barazani kwa mamake, nyuma ya pazia, na wakandaji watakaotaka kujifunza namna yake watakaribishwa, shangazi akiwa wa kwanza.

Anauweka ufunguo kiganjani mwa Mwanamkuu.

"Huu hapa, shangazi. Radhi siombi."