Pampu "mpya" ilivyonizimia gari njia ya Karema nikiwa na chanjo za surua

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nyuzi za magari huwa nazisoma kimya kimya, na haipiti wiki bila mtu kuandika "nimefunga fuel pump mpya lakini gari bado linazima". Majibu huwa mafupi: peleka kwa fundi. Leo nimeona nikae nieleze polepole yaliyonikuta miaka ya tisini, kwa sababu mimi fundi nilikuwa naye na bado yakanikuta.

Sitaongeza chumvi. Yenyewe ilikolea.

Naishi Magamba, jirani na mji wa Mpanda. Enzi hizo bado tulikuwa mkoa wa Rukwa, Katavi lilikuwa jina la mbuga tu. Nilikuwa na pick-up ya petroli, kazi yake kutoa asali na mahindi Inyonga na kuyaleta stesheni ya treni.

Wadogo zangu mliokulia kwenye magari ya kompyuta, pampu ya gari lile haikukaa ndani ya tanki. Ilifungwa ubavuni mwa injini, ukubwa kama ngumi. Ndani kuna kiwambo cha mpira, mafundi wanakiita diaframu. Injini ikizunguka, diaframu inapanda na kushuka, inavuta petroli kutoka tanki na kuisukuma kwenye kabureta.

Ina midomo miwili, wa kuingiza na wa kutoa. Niliwahi kuchanganya mipira yake nikahangaika nusu siku. Nilipogundua kosa nikachukua msumari, nikakwaruza kwenye pampu mshale na herufi T, kuonyesha upande unaotoka tanki. Nisirudie ujinga.

Pampu ile ilipochoka nikafungiwa nyingine, na ya zamani nikamwachia fundi wangu, nimwite Saidi. Ndiyo desturi yetu: spea iliyotoka ni chai ya fundi. Ukiidai anakutazama kama umemnyang'anya sahani.

Mwaka mmoja mbele, hiyo ya pili nayo ikafa. Safari hii Saidi akanunua mpya kwenye duka moja pale mjini, iko ndani ya boksi, rangi ya fedha inang'aa kama sufuria ya harusini. Nakumbuka niliinusa, ikanuka petroli. Nikadhani ni harufu ya gereji.

Ishikeni hiyo harufu.

Wiki ya pili gari likaanza kuzima jua likipanda. Kila dereva niliyemuuliza alinijibu lile lile: hilo ni joto la kwetu, petroli inachemka kwenye pampu, zungushia kitambaa kibichi. Nikazungusha, nikamwagia maji, likawaka. Basi nikaamini. Nani angeshuku kitu cha wiki mbili?

Asubuhi moja akaja nyumbani sista Kalista, nesi wa chanjo. Mama wa Kifipa, mpole, lakini akisema neno halirudi. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya njia ya Karema, gari lao liko upande wa Inyonga, na yeye alikuwa na boksi la baridi limejaa chanjo. Akanieleza bila kuzunguka: barafu iliyomo itadumu mpaka jioni ya siku hiyo, basi. Ikiyeyuka, chanjo zinaharibika, na nyingine ni mpaka treni ilete. Watoto walishaambiwa wakusanyike.

Saa moja asubuhi tukaondoka, boksi likiwa miguuni kwake limefunikwa blanketi.

Saa tano, katikati ya msitu, gari likapiga chafya mara mbili. Nikakanyaga mafuta, likazidi kuishiwa nguvu. Likazima.

Aliyepita msitu ule anaujua. Mbung'o wanafuata gari, likisimama wanaingia kama wamealikwa. Nilifungua boneti huku najipiga makofi mwenyewe. Kitambaa kilishakauka. Nikamwagia maji yote ya kunywa, tukasubiri, nikapiga stata. Likawaka, likaenda hatua chache, likazima. Mara ya pili halikuwaka kabisa.

Hapo nikafanya jambo ninalolionea aibu mpaka leo. Nilimwomba sista pakiti moja ya barafu niiweke kwenye pampu.

Alivuta blanketi akafunika vizuri zaidi, halafu akasema, "Baba, hii si ya gari."

Nikarudi kwenye injini nikiwa nimepoa kuliko pampu. Na nadhani aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri badala ya kumwagia maji.

Wakuu, hapa twende pole pole, maana ndipo watu wengi wanaporuka hatua.

Kwanza nilichomoa waya wa plagi moja, sista akapiga stata, cheche ikaruka vizuri. Kumbe umeme upo. Nikachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, nikaelekeza ncha yake kwenye chupa mbali na waya, sista akapiga tena. Petroli ilipaswa kuruka kwa nguvu, kama ng'ombe anayekamuliwa. Ikatoka kama mate ya mzee, ikakoma.

Lakini usikimbilie kuilaumu pampu. Yawezekana njia imeziba nyuma yake. Kwa hiyo nikachomoa na mpira unaotoka tanki, nikapuliza kwa mdomo. Nikasikia mapovu kule kwenye tanki, bwub bwub. Njia nyeupe. Chujio nalo lilikuwa safi. Na mfuniko wa tanki nilishaulegeza, kwa sababu ukikosa kupumua tanki linabana mafuta.

Ikabaki pampu. Ile mpya.

Bado moyo ulikataa. Nikavuta stiki ya kupimia oili, nikaifuta, nikaichovya tena. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, nyepesi, inanuka petroli. Maana yake diaframu imepasuka na petroli inamwagikia ndani ya injini. Wiki nzima nilikuwa nalipoza gari kwa maji huku injini inaoshwa oili yake. Ningeendelea kidogo tu, ningeua mashine nzima.

Nilipotoa mkono nikaona vidole vinang'aa. Rangi ya fedha ilikuwa inabanduka kwenye pampu kwa kulowa petroli. Sikuwa na nafasi ya kuiwaza. Sista alikuwa ameingiza mkono kwenye boksi, ametikisa kichwa. Barafu imebaki nusu.

Ndipo akatokea mwanaume mmoja wa Kisukuma na baiskeli, anaitwa Masanja, kabeba dumu tupu la plastiki. Familia yake ilihamia kule na ng'ombe miaka michache kabla. Alisalimia, akalizunguka gari, akasema, "Ng'ombe wangu hajawahi kukataa kutembea kwa sababu ya jua."

Sikucheka. Sista akamwambia tunakwenda wapi na tumebeba nini. Uso wake ukabadilika. Nyumbani kwake wawili walishalala na surua, na wanne bado wazima. Hao wanne walikuwa wanatungoja sisi.

Dumu lake ndilo lililotuokoa. Petroli inateremka yenyewe, haihitaji pampu ikiwa iko juu ya kabureta. Nikanyonya mafuta kutoka tanki kwa mpira mrefu niliokuwa nao garini, nikajaza dumu, nikatoa oili iliyozidi na kuongeza ya akiba niliyokuwa nayo. Mpira wa tanki nikauziba kwa kijiti. Kisha nikaupitisha mpira ule mrefu kutoka kwenye dumu juu ya paa mpaka kwenye kabureta, umefungwa mbali na bomba la moshi.

Naomba mnielewe, jambo hili ni la hatari. Tone moja kwenye bomba la moto na sote tunaungua. Sikumficha mtu, niliwaeleza wote wawili. Nikamwambia sista ashuke atembee mpaka tujue linakwendaje. Akapanda.

Masanja akafunga baiskeli nyuma, akasimama kwenye bodi akiwa amelikumbatia dumu juu ya paa. "Wewe endesha," akasema. "Likimwagika nitagonga."

Tulikwenda mwendo wa mtu anayekimbia. Kila shimo nilisikiliza paa. Aligonga mara moja, nikakanyaga breki. Kumbe alikuwa kang'atwa na mbung'o, anataka mkono mmoja ajikune. Sista alicheka mpaka akashika boksi. Mimi nilikuja kucheka wiki iliyofuata.

Saa kumi tukafika kijijini. Kina mama walikuwa wamekaa chini, watoto migongoni. Sista alifungua boksi kabla hajasalimia mtu. Vipande vya barafu bado vilikuwa vinaelea ndani ya pakiti, vidogo kama punje za mahindi. Akatazama kipimajoto chake, akasema zinafaa. Wale wanne wa Masanja walichomwa kabla jua halijazama.

Nikarudi Mpanda na dumu lile lile, safari hii limefungwa kwa kamba juu ya paa, nikaenda moja kwa moja kwa Saidi nikiwa na hasira iliyopikika. Nikampa pampu. Hakubisha. Akaiosha kwa petroli na mswaki, rangi ikatoka yote.

Chini ya rangi kulikuwa na mshale. Na herufi T.

Ilikuwa pampu yangu ya kwanza, wakuu. Niliikwaruza mwenyewe.

Saidi akakaa juu ya tairi. Akasema kwamba spea zote chakavu huwa anamuuzia mnunuzi wa vyuma anayekuja na treni. Ilipanda treni ikiwa imekufa, ikatiwa kiraka na kupakwa rangi huko, ikapewa boksi, ikarudi na treni dukani. Yeye akainunua kwa nia njema, akanifungia.

Akaingia ndani, akatoka na nyundo na kikapu cha pampu kuukuu. Nyundo akanipa mimi.

Tangu siku hiyo desturi imebadilika kati yetu. Spea iliyotoka naondoka nayo, au naivunja pale pale, na fundi namnunulia chai ya kweli. Ukinunua mpya, inuse. Pampu mpya haina sababu ya kunuka petroli. Tazama vichwa vya skrubu kama vimewahi kufunguliwa, kwaruza rangi kwa ukucha, chungulia midomoni kama kuna weusi. Na gari likisumbua, usikisamehe kitu kwa sababu tu kina wiki mbili. Anza kupima mwanzo, hatua kwa hatua, hata kama jua linakuchoma. Inawezekana kabisa, hata kwa asiye fundi.

Nanyi mnaovua spea zenu, zile za zamani huwa zinakwenda wapi? Na kuna aliyewahi kukutana na yake tena? Wekeni hapa chini, nami swali la pampu nitalijibu kwa kadiri ninavyojua.