Kahawa ya Kubaki Nyumbani

Tangu tumzike mume wangu nilikuwa sisikii ladha ya kitu. Ndizi, maharage, chai, vyote vilipita mdomoni kama maji ya vuguvugu. Majirani wa hapa Kanazi walinong'ona kwamba silii. Wangenisaidia kufagia, ingekuwa afadhali. Mimi mwenyewe niliogopa jambo moja tu, kwamba nitabaki hivyo hivyo.

Aliniachia birika lake dogo la espreso, lile la kuweka juu ya jiko, maji yanapanda yenyewe na kutoka meusi. Alilinunua Mwanza, na kahawa ya kupikia akawa anaiagiza hukohuko, imo kwenye pakiti inayong'aa. Mkulima wa kahawa ananunua kahawa dukani! Nilimcheka sana. Pakiti ilipoisha, nikaona nichague punje mwenyewe kutoka kwenye mavuno yetu. Pengine hiyo ningeisikia.

Nikakaa uani na mama mkwe, tukachambua kahawa iliyokauka na maganda yake. Mikono iliijua kazi. Iliyoiva vizuri ikaingia kwenye gunia la chama cha ushirika. Iliyochumwa mbichi, iliyookotwa chini na iliyotobolewa na wadudu ikabaki kwenye ungo. Gunia lilipojaa, mama mkwe akalishona mdomo. Mimi nikachukua ungo wangu, nikatwanga, nikapepeta, nikakaanga, nikatwanga tena mpaka ikawa unga, nikapika.

Nikanywa. Sikusikia kitu. Nikampa mama mkwe naye aonje, akatoka mbio kutema.

"Mwanangu, umepika kahawa gani hii?"

"Ya kwenye ungo, mama."

"Si ni makapi hayo?"

"Ndiyo tunayobakiza nyumbani siku zote."

Ilikuwa kweli. Mama mkwe amelima kahawa tangu akiwa msichana, na nzuri yote imekwenda chamani. Hata mimi, nilipotaka kujichagulia, wazo la kugusa gunia halikunijia. Kumbe ndiyo sababu mwanawe aliikimbilia ya pakiti. Nililielewa hilo bila kusikia lolote moyoni.

Mama mkwe akaingia ndani, akarudi na kisu, akakata uzi alioshonea muda mfupi uliopita.

"Mama, hiyo ni ya kuuza!"

"Nani atalipeleka?"

Kila msimu mume wangu ndiye aliyelifunga gunia kwenye baiskeli na kulisukuma hadi chamani. Mama mkwe akachota kwa mikono miwili, akamimina kwenye kinu, akanipa mchi.

Kahawa hii ilitoka nzito, na harufu yake ikajaa jikoni. Nilipokunywa ilikuwa chungu, kisha ikaja na utamu kidogo, kama ule wa tunda la kahawa unalolinyonya ukiwa unachuma. Niliusikia wote. Nikageuka nimwambie mume wangu kwamba hii yetu inaishinda ya pakiti, na hapo ndipo nikalia.