Mdudu Haina Mwenyewe

Nilirudi kutoka chuo kikuu nikiwa na tabia ya kutoamini lolote ambalo sijaligusa. Mjomba wangu alikuwa akichunga ng'ombe wa Mzungu mmoja juu ya Rongai, kwenye njia ya Molo. Mwana wa mjomba alikuwa ameposa msichana wa Olenguruone, na wakwe walitaka asali ya msituni ya kutengenezea pombe ya harusi, si sukari. Asali hiyo ilikuwa ndani ya mizinga mitatu ya mjomba, juu ya miti ya mitarakwa iliyopakana na ngano ya bwana huyo.

Viwavi walipoivamia ngano, nyapara alipita nyumba kwa nyumba.

"Kesho kutwa dawa inapigwa. Toeni mifugo pale kando. Dawa ni ya wadudu tu, lakini ng'ombe ikikula majani, shauri yako."

"Itajuaje mdudu yupi ni mbaya?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye msomi. Uliza bwana."

Mjomba aliwahamisha mbuzi, akarudi kuketi.

"Na nyuki?" nilimuuliza.

"Nyuki haikuli majani. Na umesikia, dawa ni ya wadudu."

"Nyuki ni mdudu, mjomba. Ana miguu sita kama nzi na siafu. Chuoni tunawaweka kundi moja."

"Basi mmekosea. Mdudu haina mwenyewe. Nyuki iko na mwenyewe. Mzinga iko na alama ya ukoo, na ukiiba unalipa faini kama mwizi wa ng'ombe." Akanitazama pembeni. "Au huko chuoni siafu zenu zilikuwa na alama?"

Hata makundi yetu yalipangwa na watu, nami sikuwa nimewaamini hao pia. Lakini dawa haisomi alama za ukoo.

Kesho yake jioni nilipita karibu na nyumba ya bwana. Masanduku yake ya nyuki, yale meupe ya bustanini, yalikuwa yamefungwa magunia na kupangwa juu ya trela.

"Yanaenda wapi?" nilimuuliza dereva.

"Kutembea. Hata wewe si ulienda chuo?"

Nilimpelekea mjomba habari hiyo. Safari hii hakubisha. Alfajiri tulipanda mitarakwa, tukaziba midomo ya mizinga miwili kwa majani mabichi. Wa tatu, mzito kuliko yote, ule aliowawekea wakwe, ulikuwa juu kabisa. Tulipoufikia jua lilikuwa limechomoza na nyuki wake walikwisha kutoka, wametawanyika kwenye maua ya magugu kando ya ngano. Trekta lilikuwa tayari linanguruma, likivuta pipa la dawa.

Mchana tuliwakuta nyuki chini ya mtarakwa, wakizunguka kwenye majani bila kuruka. Mjomba aliokota mmoja, akamlaza kiganjani na kumhesabu miguu polepole kwa ukucha.

"Sita," alisema.

Akamweka chini, akageukia upande wa nyumba ya bwana.

"Na nyuki za kwake ziko na ngapi?"