Kondoo wa akika hakupita geti

Leo nimejua ile nyumba yangu ya kukodisha hapa Isiolo si yangu.

Mpangaji wangu amejifungua. Babake ametoka Sericho na kondoo wa kumchinjia mjukuu akika, halafu askari wa geti akamzuia. Chama cha wenye nyumba kimekataza mifugo kwenye esteti.

Mzee akasema, "Mahali mtoto hawezi kuchinjiwa si pa kuishi."

Nikamkimbilia mwenyekiti.

"Wewe huishi hapa, huna sauti."

"Basi msikize mpangaji."

"Yeye si mwenye nyumba."

Kurudi, godoro la mpangaji liko juu ya pikap. Wameenda, jamani. Sasa nimpangishe nani, na mji huu wote ni wafugaji?

Saa hii chama kimenitumia meseji: "Mwenye nyumba, unaombwa uje ufagie mavi ya kondoo getini."